Mkono uliokufa ganzi kwa dakika 10

Swali la msomaji:

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama kutoka Ahero. Kijana wangu ana miaka 22. Mwaka 2010, akiwa na miaka 7, alipatikana na uvimbe nyuma ya ubongo unaoitwa medulobilastoma. Alipasuliwa Nairobi, akapigwa mionzi ya kichwa na uti wa mgongo, halafu kemo. Wakati wa mionzi tulikaa kwa shangazi yake Kayole wiki 6, kila siku tunaenda isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Alipona. Ni mfupi kuliko mdogo wake na nywele za kisogoni hazikuota tena, lakini anajitegemea, anatengeneza simu hapa stejini. Mwezi uliopita akiwa kazini mkono wa kulia ulikufa ganzi, bisibisi ikamponyoka, maneno yakawa mazito mdomoni. Baada ya kama dakika 10 akawa sawa, akasema ni uchovu. Nesi mmoja wa kanisani kwetu ameniambia watoto waliopigwa mionzi ya kichwa hupata kiharusi wangali vijana. Ni kweli? Babake aliaga kwa presha. Faili yetu ilienda na mafuriko, kilichobaki ni kile kinyago cha plastiki alichokuwa akivalishwa kwenye mionzi, tumekitundika ukutani. Je, nimwambie kijana, au nitamtia hofu bure? Na wakati mwingine usiku najiuliza kama nilikosea kukubali ile mionzi.

Jibu:

Mama, maswali yako nitayajibu yote, ila naanza na lile ambalo hukuliuliza.

Zile dakika 10 hazikuwa uchovu. Mtu aliyechoka huchoka mikono yote miwili, na ulimi wake haumgomei. Mkono wa kulia na usemi, kwa watu wengi, huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Vikizima pamoja ghafla kisha vikarudi, jambo la kwanza linalonijia akilini ni kwamba damu ilikosa njia mahali fulani upande huo, kisha njia ikafunguka. Watu hukiita kiharusi kidogo. Jina hilo silipendi, maana hilo neno kidogo ndilo linalomrudisha mtu kazini siku hiyo hiyo. Ni kiharusi kilichobisha hodi. Baada ya tukio kama hilo, hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, hasa 2 za mwanzo. Kijana wako amezivuka, tumshukuru Mungu, lakini aliyebisha bado hajajulikana ni nani.

Kwa hiyo mpeleke kesho asubuhi. Usiishie zahanati. Kutoka Ahero hadi Kisumu si safari, nenda moja kwa moja hospitali yenye CT skani na daktari wa magonjwa ya ndani, na kama inawezekana yenye MRI. Ukifika, maneno ya kwanza kutoka mdomoni mwako yawe haya: alipigwa mionzi ya kichwa akiwa mtoto, na mwezi uliopita mkono wa kulia na usemi vilizima pamoja kwa dakika 10. Usianze na ganzi. Nimeshika kadi nyingi za vijana waliosema "ganzi" dirishani, wakaandikiwa vitamini B na kurudishwa nyumbani. Huwezi kumlaumu sana aliyeandika. Foleni iko hadi nje, na mbele yake yuko kijana wa miaka 22 aliyetembea mwenyewe kuja. Kiharusi hakimjii akilini mpaka asikie neno mionzi.

Sisemi kwamba nina hakika ni mishipa. Kuna mambo mengine yanayofanana na hili. Kovu la upasuaji linaweza kuleta kifafa cha upande mmoja kisichomwangusha mtu. Kuna pia kipandauso cha ajabu kinachowapata watu waliopigwa mionzi ya ubongo miaka mingi nyuma: kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, upande mmoja unalegea kwa saa au siku kadhaa, kisha mtu anarudi sawa. Na kuna uvimbe, wa zamani uliorudi au mpya uliozaliwa na mionzi yenyewe. Haya hayatenganishwi kwa kumtazama mtu usoni wala kwa barua kama hii, ndiyo maana nataka picha ya ubongo na ya mishipa yake. Kabla ya picha msimpe aspirini ya dukani. Ikiwa kilichotokea ni mshipa kuvuja damu, na mionzi huacha vishipa dhaifu vinavyoweza kuvuja, aspirini itaongeza madhara.

Tukio likirudi kabla hamjafika, hata likiwa la dakika 3, ni dharura. Msingoje lipite. Muombe atabasamu, muone kama mdomo umevutwa upande. Ainue mikono yote miwili afumbe macho, muone kama mmoja unashuka. Aseme sentensi nzima, si "ndiyo". Kwa kijana wako naongeza dalili ambazo mabango ya hospitali mara nyingi huziacha, kwa sababu mionzi yake ilielekezwa zaidi kisogoni: kizunguzungu cha ghafla, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba kama mlevi. Hapo tazameni saa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge la damu, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na daktari atauliza zilianza saa ngapi. Leo, kabla hayajatokea, tafuta ni hospitali gani karibu nawe yenye CT skani inayofanya kazi usiku, na ni nani mwenye gari pale kijijini anayeamka akipigiwa. Watu wa Kisumu husema tu "nipeleke Russia", na dereva yeyote anaelewa ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Ila usiku wa shida si wakati wa kuanza kuuliza skani iko wapi.

Sasa nirudi kwa nesi wenu wa kanisani. Hakukosea.

Wewe ni mtu wa Ahero, umeona mifereji ya mpunga. Mfereji wenye kuta laini hupitisha maji bila kelele. Ukuta ukikwaruzwa, tope linashika pale palipokwaruzwa, kesho tope jingine linashika juu yake, na msimu wa tatu unakuta maji yamebaki uzi. Hukuuona siku ukikwaruzwa. Mionzi ilipita kwenye kichwa cha mtoto kuua seli za uvimbe, na njiani ikajeruhi utando mwembamba ulio ndani ya mishipa ya damu. Utando ule haukupona kabisa. Unavimba polepole, ukuta unakuwa mnene na mgumu, mafuta yanashika mapema kuliko kwa mtu wa rika lake. Chini ya ubongo kuna duara la mishipa ambalo ndilo makutano ya damu yote inayopanda kichwani, na kadiri duara lile lilivyopata mionzi mingi ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Kwa watoto wengine mishipa ya hapo hujifunga kabisa, na mwili unaota vishipa vyembamba vingi kama mizizi ili kuzunguka kizuizi. Hayo yanaweza kuchukua miaka 2 au 25.

Nambari ninazozitegemea zimetoka Marekani na Kanada, kwenye utafiti unaofuatilia watu waliotibiwa saratani wakiwa watoto kati ya 1970 na 1986 na wakaishi angalau miaka 5. Mwaka 2013 ilichapishwa hesabu ya watu 14,358 kati yao, na 292 walikuwa wameripoti kiharusi kilichokuja baada ya ile miaka 5. Ukizigawa kwa miaka waliyoishi, ni kama watu 77 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kwa ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuugua, ilikuwa 9. Hapo nimechanganya saratani zote. Ukichambua kwa kipimo cha mionzi ya kichwa, ambacho hupimwa kwa grei, waliopata grei 30 hadi 49 walikuwa na hatari karibu mara 6 ya wale ambao hawakupigwa kichwani, na waliopata 50 au zaidi, mara 11.

Mara 11 ni neno la kutisha, kwa hiyo nitaligeuza uone upande wa pili. Kati ya watu 100 waliopata grei 50 au zaidi, mmoja hivi alikuwa ameripoti kiharusi miaka 10 baada ya saratani kugunduliwa. Miaka 30 baada ya kugunduliwa, walikuwa 12. Waliobaki 88 walikuwa hawajapata. Lakini tazama tena ile safari kutoka 1 hadi 12. Watu wengi, na wahudumu wa afya wakiwemo, hudhani kwamba mtoto akimaliza miaka 5 au 10 salama, madhara ya matibabu yamekwisha. Ya mishipa hayaishi, yanapanda na umri. Kijana wako yuko mwaka wa 15.

Nambari hizo nazo zina udhaifu wake. Wahojiwa walijieleza wenyewe, mashine za wakati ule zilitawanya mionzi kuliko za leo, na wengi wao walikuwa Wazungu. Hakuna mtu aliyehesabu watoto wa Nyando. Nazitumia kujua tunaelekea wapi, sizitumii kumtabiria mtoto wako.

Je, yeye alipata grei ngapi? Faili imesombwa, lakini barua yako imebeba zaidi ya unavyodhani. Wiki 6 bila Jumamosi na Jumapili ni siku 30. Kwa uvimbe huu, kipimo cha kawaida cha siku moja ni grei 1.8. Zidisha mara 30, unapata 54, ambacho ndicho kipimo kinacholengwa pale uvimbe ulipokuwa. Huwa kinagawanywa: siku za mwanzo kichwa chote na mgongo, hadi jumla ya grei 23.4 au 36 kutegemea hali ya mtoto, kisha siku zilizobaki sehemu ya nyuma peke yake. Na umesema nywele za kisogoni hazikuota. Nywele hudondoka kwa kila anayepigwa mionzi ya kichwa na kwa kawaida huota tena, ila mahali zilipokataa kwa miaka 15, ngozi ile ilipata kipimo kikubwa. Bila kuona karatasi, ningemweka kijana wako kwenye kundi la 50 na zaidi mpaka mtu anionyeshe vinginevyo. Ufupi wake pia unasimulia: mionzi ya mgongo hudumaza pingili, na ya kichwa hugusa tezi inayotoa homoni ya kukua.

Karatasi tuitafute hata hivyo, maana makadirio ya mama na daktari si rekodi. Kijana ni mtu mzima, kwa hiyo maombi yatoke kwake, kwa barua iliyotiwa sahihi na nakala ya kitambulisho, akiomba muhtasari wa matibabu: jina la uvimbe, tarehe, sehemu zilizopigwa, jumla ya grei, dawa za kemo na vipimo vyake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake. Kinachokwamisha maombi haya mara nyingi ni nambari ya mgonjwa, na hapo ndipo kile kinyago kinaingia. Kishushe ukutani. Kinyago cha mionzi ni plastiki yenye matundu iliyolainishwa kwenye maji moto, ikakandamizwa usoni mwa mtoto ili asitikise kichwa, na kila mtoto ana chake. Ili visichanganywe, mafundi huandika jina na nambari juu ya plastiki yenyewe au kwenye utepe uliobandikwa pembeni, karibu na misalaba ya kulengea. Kitazame mchana penye mwanga, wino hufifia. Ukiona tarakimu zozote, piga picha na uzinakili kwenye barua.

Nimefika penye jambo ambalo ndilo ningekuomba ulishike hata kama mengine yote yatakutoka. Ni presha.

Katika utafiti uleule wa watu 14,358, waliokuwa na presha ya juu walikuwa na hatari ya kiharusi mara 4 ya wasio nayo. Kwa washiriki weusi, presha iliizidisha mara 16. Weusi walikuwa wachache, kwa hiyo hiyo 16 inaweza kuwa chini au juu ya hapo, wala haituambii kama sababu ni urithi wa damu, umaskini au dawa zilizochelewa. Lakini mimi ninayekaa kliniki nikipokea Wajaluo, Waluhya na Wakisii siwezi kuisoma nikafunga ukurasa. Mionzi ya mwaka 2010 haiondoki mwilini mwa mtoto wako, lakini presha tunaweza kuishusha kuanzia mwezi huu, kwa kidonge ambacho zahanati nyingi wanacho. Na babake aliaga kwa presha. Mwenzangu mmoja husema ukuta uliokwaruzwa unaweza kusimama miaka mingi usipofunguliwa lango lote la maji kwa mpigo. Amekulia kwenye mashamba ya mpunga kama wewe.

Presha haina dalili, na vijana hawapimwi. Mwulize kama kuna mtu aliyewahi kumfunga kile kitambaa mkononi tangu amalize kliniki ya watoto. Nikiwauliza wagonjwa wangu wa rika lake, wengi hucheka.

Kupima kwenyewe kuna namna yake, na nimeona kukifanywa vibaya mara nyingi hadi na wenzangu. Kijana anashuka kwenye boda, anaingia, anaketi kitandani miguu ikining'inia, anafungwa kitambaa juu ya mkono wa shati, na huku nesi anamuuliza jina la baba. Nambari inayotoka hapo ni ya bodaboda. Aketi kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kusema, miguu yote sakafuni, mkojo awe ameutoa, asiwe amekunywa kahawa wala zile soda za nguvu ndani ya nusu saa. Mkono uwe wazi, uegemee meza usawa wa moyo. Apimwe mara 2 kwa nafasi ya dakika moja. Mashine ya kufunga mkono juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ya kifundo. Kama hamna uwezo wa kununua, CHP, yule mhudumu wa afya wa kijiji chenu, anayo: mikoba waliyopewa na serikali mwaka 2023 ina kipima presha na kipima sukari. Apimwe asubuhi na jioni kwa siku 7, aandike kwenye daftari, aje nalo kliniki. Kwa mtu mzima wa kawaida kliniki nyingi hushtuka kwa 140 juu ya 90. Kwa kijana mwenye historia hii mimi hushtuka mapema, kwa 130 juu ya 80, hasa sasa baada ya zile dakika 10.

Akiandikiwa dawa, ni za kila siku. Hazisimami nambari ikiwa nzuri, maana nambari imekuwa nzuri kwa sababu yake.

Siku hiyo hiyo apimwe sukari na mafuta ya damu, na tezi ya thairoidi pia. Mionzi ya shingo na ya kichwa huichosha tezi hiyo, na ikichoka kolesteroli hupanda, mtu hunenepa na kusinzia, kisha anaambiwa ni mvivu. Muombe daktari amsikilize shingoni. Ataweka stethoskopu chini ya taya, amwambie kijana ashikilie pumzi, na pale mshipa ulipobana atasikia mvumo, shii, shii, kama maji yanayopita kwenye mpira uliokanyagwa. Akiusikia, apimwe kwa altrasaundi ya shingo. Sigara na shisha sizijadili, aziache. Chumvi ya mezani ikae jikoni. Dawa za kushusha kolesteroli na aspirini ya kila siku zitategemea picha zitakavyosema: ikithibitishwa kwamba njia ya damu iliziba, atazihitaji kwa muda mrefu, na hilo ataamua daktari aliyeziona picha. Mshipa ukithibitika, uzito wa jambo pia unabadilika. Kati ya watu wa utafiti ule waliokwisha kupata kiharusi kimoja, 21 kwa kila 100 walipata kingine ndani ya miaka 10, na waliopigwa grei 50 au zaidi walikuwa 33 kwa 100.

Barua hii itasomwa na wengine, na ukanda huu wa ziwa una watoto wengi waliopona saratani, kwa hiyo naomba niwatulize baadhi. Wengi waliotibiwa huku wakiwa wadogo walikuwa na uvimbe wa taya wa Burkitt, ule alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Huo hutibiwa kwa dawa za kemo. Kama mtoto wako hakuwahi kulazwa chini ya mashine ya mionzi, haya ya mionzi si yake. Na kwa miaka mingi mashine za umma zilikuwa Nairobi tu, Kenyatta, kabla ya Eldoret na Nakuru kupata zao; aliyepigwa mionzi zamani anakumbuka ile safari. Waliotibiwa lukemia, saratani ya damu, na kupigwa kichwani kipimo kidogo, grei 18 au 24, hatari yao iko juu ya ndugu zao lakini chini sana kuliko ya kijana huyu. Waliopigwa shingoni na kifuani kwa ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni saratani ya tezi za limfu, mishipa ya shingo yao inataka macho. Waliotolewa figo moja utotoni kwa uvimbe wa figo, hata bila mionzi ya kichwa, wapimwe presha kila mwaka. Mabinti waliopigwa mionzi ya kichwa au shingo, msianze vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni bila kumwambia daktari historia yenu, maana huongeza uwezekano wa damu kuganda, na njia zisizo na estrojeni zipo. Na mtoto wa huku akipata kiharusi bila kuwahi kuugua saratani, wazo langu la kwanza ni sikoseli, yaani selimundu. Apimwe damu.

Nirudi kwako, mama, na lile swali lako la usiku.

Uvimbe huo ulipoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1925, upasuaji peke yake haukuwaokoa watoto. Uliondolewa, ukarudi, mara nyingi kupitia maji ya uti wa mgongo. Kilichobadilisha hali ni kupiga mionzi ubongo wote na mgongo wote, kisha kemo ikaongezwa. Leo, kwenye nchi zenye vifaa kamili, watoto wasio na dalili za uvimbe kuenea hupona kwa kiasi cha 8 kwa kila 10. Madaktari walijua mionzi inaumiza. Kwa watoto wa chini ya miaka 3 wanajitahidi kuikwepa au kuichelewesha kwa kutumia kemo, na kipimo cha kichwa chote kimeshushwa kutoka 36 hadi 23.4 kwa wale wanaoweza kukivumilia kipimo cha chini bila uvimbe kurudi. Kwa mtoto wa miaka 7 mwaka 2010, kukataa mionzi kulikuwa na jibu moja, na lingefika kabla hajaingia darasa la tatu. Ningekuwa mimi ningetia sahihi. Nimewahi kukaa na wazazi waliokataa, wengine kwa sababu waliambiwa ni juok, yaani uchawi, na wakatafuta aliyeroga, na hao hawaniandikii kuuliza kuhusu miaka 22.

Pale ambapo nadhani tulikosea ni sisi wa upande wa hospitali. Mtoto alipomaliza kemo alipewa tarehe za kuangalia kama uvimbe umerudi. Alipofikisha umri wa kutoka kliniki ya watoto, hakukuwa na mlango wa pili wa kuingia. Hakuna aliyewaandikia ukurasa mmoja wenye grei zake na mambo ya kupimwa kila mwaka, na hilo ni la watoto wengi wa kizazi chake, magharibi mwa Kenya kote. Mkifika Kisumu, dai ukurasa huo uandikwe, hata kwa mkono.

Kuhusu kumwambia, mwambie. Ana miaka 22, barua ya kuomba rekodi inahitaji sahihi yake, skani inahitaji kichwa chake, na mkono utakaokufa ganzi tena ni wake, huenda wewe ukiwa sokoni. Yeye ndiye wa kwanza atakayejua, na akiwa hajui maana yake atasema tena ni uchovu. Mweleze na mwenzake wa pale kibandani, huyo anayeketi naye mchana kutwa, kwamba bisibisi ikianguka na maneno yakigoma wasimpe maji akae kivulini, wapige simu.

Usimwambie kwa mara ya kwanza mbele ya daktari. Mwambie nyumbani leo jioni, ukiwa umekishusha kile kinyago mnatafuta nambari pamoja. Atauliza alivishwa kwa nini, na hapo utakuwa umeshapata pa kuanzia.